Maji Yasiyokalika

Mwaka 1951, juu ya paa la jengo moja mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts, wahandisi wa kampuni ya Arthur D. Little walitandaza mirija mipana ya plastiki laini, wakaijaza maji na mbolea, wakapuliza ndani yake hewa iliyoongezwa kabonidayoksaidi, kisha wakatia mbegu ya klorela. Klorela ni mwani, lakini msomaji wa Paje au Jambiani, kule Zanzibar, asidhani ni ule wa kufungwa kwenye kamba na kuanikwa juani. Huu ni mwani wa hadubini. Mmea mzima ni seli moja ya mviringo, na seli 200 hivi zikipangwa mstari ndipo zitimize milimita moja. Hauna mzizi wala shina la kulisha bure, na kiasi cha nusu ya uzito wake mkavu, mara nyingi hata zaidi, ni protini.

Taasisi ya Carnegie ya Washington ndiyo iliyogharimia kazi hiyo. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka 6 tu nyuma, na wataalamu walikuwa wakihesabu midomo ya dunia kwa hofu. Mwaka 1953 John Burlew alihariri kitabu cha taasisi hiyo kilichokusanya majaribio ya Marekani, Ujerumani, Japani, Israeli na Venezuela, na kwa miongo mingi kila aliyeingia katika fani hii alianzia hapo. Ndani yake mlikuwa na matumaini makubwa, na pia swali moja ambalo halikupata jibu: utamzuiaje asiyealikwa?

Shida ilitokana na asili ya ujuzi wenyewe. Mwaka 1890 Martinus Beijerinck, akiwa Delft nchini Uholanzi, alikuwa amefaulu kuitenga klorela na kila kiumbe kingine. Tangu hapo wanasayansi waliizoea ikiwa peke yake, ndani ya chupa iliyochemshwa na kuzibwa kwa pamba. Otto Warburg aliitumia huko Berlin kupima jinsi mimea inavyogeuza nuru kuwa chakula. Kasi ya kukua, kiu ya mbolea, joto inalolipenda, yote yalipimwa kwa klorela isiyokuwa na jirani. Sasa ikatakiwa kwenda nje kuishi na majirani.

Chupa huchemshwa, bwawa la ekari moja halichemshiki. Upepo huleta mbegu za mwani mwingine, ndege hutua na matope ya ziwa jingine miguuni, mvua huosha vumbi la angani na kulimwaga humo. Magugu, yaani mwani usiopandwa, hugombea nuru na mbolea. Walaji hufuata: amiba, viumbe wa seli moja wenye vijinywele vya kuogelea, na rotifa, mnyama asiyefikia hata nusu milimita ambaye huchuja maji usiku na mchana. Bwawa lililokuwa kijani kibichi Jumatatu linaweza kuwa na rangi ya chai ya maziwa ifikapo Alhamisi. Wapo pia vimelea, ambao nitawafikia baadaye, kwa kuwa wakulima wenyewe walichelewa kuwatambua.

Katika kitabu kile cha Burlew kuna sura ambayo, kwa maoni yangu, ilistahili kusomwa kwa makini kuliko ilivyosomwa. Iliandikwa na Jorgensen na Convit, waliokuwa wakiotesha mwani kwenye makazi ya wagonjwa wa ukoma nchini Venezuela katika miaka ya 1940, na wagonjwa wakinywa supu yake. Hawakujaribu kuutenga mwani wao. Walikuza mchanganyiko, mwani pamoja na viumbe wengine wa maji baridi wa nchi ya joto, na wakauita mchanganyiko. Wenye maabara za kisasa walipita sura hiyo wakaenda kutafuta usafi.

Wajapani walitafuta usafi kwa njia ya mbio. Katika Taasisi ya Tokugawa mjini Tokyo, Hiroshi Tamiya na wenzake walikuwa wamechunguza maisha ya klorela kwa undani, na kufikia miaka ya 1960 biashara ilikuwa imeanza, Japani kwanza kisha Taiwan. Walichimba mabwawa ya duara yenye mkono mrefu unaozunguka na kukoroga. Mbegu ilianzia kwenye chupa safi, ikahamia kwenye tangi dogo, ikaenda kubwa zaidi, na kila hatua ilihakikishwa kuwa klorela ni nyingi mno kiasi cha kumnyima mvamizi nafasi. Baada ya siku chache bwawa lilivunwa, likasafishwa, na mbegu mpya ikatiwa. Wavamizi walikuwa wakija, lakini walikuta mavuno yamekwisha kuondoka.

Mbio hizo zilikuwa na mtego wake. Ili klorela ikue upesi zaidi, wengi waliilisha asidi ya siki, na bakteria nao hupenda siki. Ilibidi ilishwe kidogo kidogo mchana wa jua, kiasi ambacho klorela ingekimaliza kabla bakteria hawajajipanga. Kufikia 1980 Asia ilikuwa na viwanda vikubwa 46, kila kimoja kikitoa zaidi ya kilo 1000 kwa mwezi, vingi vikiwa vya klorela. Ila gharama ya kuanza upya kila mara haikuondoka, na chakula kilichoahidiwa kwa maskini wa dunia kikaishia kuwa vidonge vya wanaojiweza.

Suluhisho la pili lilitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akilitafuta. Nje ya Jiji la Mexico, kampuni ya Sosa Texcoco ilikuwa ikikausha maji ya Ziwa Texcoco kutoa magadi, katika bwawa la kukaushia lenye umbo la konokono ambalo wenyeji waliliita El Caracol. Ndani ya mabwawa hayo kulistawi mwani wa kijani cha buluu ambao hakuna aliyeupanda. Kwa watu wa magadi, huu ndio ulikuwa uchafu. Walipoomba ushauri kwa Taasisi ya Mafuta ya Ufaransa, mwani ule ulitambuliwa kuwa spirulina. Waazteki waliokuwa wakiishi kando ya ziwa hilo walikuwa wakiukusanya na kuula tangu zamani, wakiuita tecuitlatl, nao wanawake wa Kikanembu kandokando ya Ziwa Chad huukusanya hadi leo, wakaukausha kwenye mchanga na kuupikia mchuzi kwa jina la dihé. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mapema miaka ya 1970 Sosa Texcoco walikuwa wakiuza mwani uliowaingilia.

Kazi ya kuuelewa ilifanywa na Zarrouk, ambaye tasnifu yake ya 1966 iliandika mapishi ya maji yanayotumika mpaka sasa. Katika kila lita kuna gramu 16.8 za bikaboneti ya sodiamu, jamaa ya magadi. Ukinywa utatema. Maji hayo yana ukali wa nyongo, na viumbe wengi wa maji baridi hawawezi kuishi humo, huku spirulina ikistawi. Hapo historia ya kilimo hiki ikageuka. Badala ya kumfukuza kila anayebisha hodi, mkulima aliyafanya maji yenyewe kuwa mlango.

Mlango huo hata hivyo ulikuwa na nyufa. Katika jangwa la Negev, huko Sede Boqer nchini Israeli, Avigad Vonshak, Sammy Boussiba, Amos Richmond na mwenzao Abeliovich walifuatilia mabwawa ya nje mwaka mzima. Wakati wa baridi, spirulina, ambayo hupenda joto la nyuzi 35 hivi, ililegea, na klorela ile ile ya Wajapani sasa ikaingia kama gugu. Amiba nao walikuja kula. Ripoti yao ya 1983 ilieleza waliyoyaona yakifanya kazi. Bikaboneti isishuke chini ya kiwango kile cha Zarrouk, mabaki ya viumbe waliooza yasiachwe yakajaa ndani ya maji, bwawa lifunikwe lipate joto wakati wa baridi, na amiba wakionekana itiwe amonia kidogo, milimoli 2 kwa lita.

Amonia inastahili maelezo, kwa kuwa ni mfano wa akili ya mkulima anayelijua bwawa lake. Ndani ya maji ya kawaida, sehemu kubwa ya amonia huwa na chaji ya umeme na haipenyi kirahisi kwenye ngozi ya seli. Ndani ya maji ya magadi hupoteza chaji hiyo, ikapenya popote na kuua. Kwa hiyo tone ambalo lisingemdhuru amiba wa bwawa la samaki humuua amiba wa bwawa la spirulina. Mtu akizidisha, spirulina nayo hufa. Akipunguza, amiba hubaki. Na kinachobaki cha amonia hiyo, spirulina hukitumia kama mbolea.

Kwa ujuzi huo shamba la Earthrise lilianza kazi mwaka 1982 katika Bonde la Imperial, kusini mwa California, penye jua na joto kali. Mabwawa yake ni marefu na ya kina kifupi kama njia ya mbio, maji yakisukumwa na gurudumu la makafi. Umbo hilo lilitokana na kazi za William Oswald wa Berkeley, aliyelitumia tangu miaka ya 1950 kusafisha maji taka. Hapo adui aliyebaki mkubwa alikuwa nzi wa maji ya chumvi, ambaye haiui spirulina ila vipande vyake vinaweza kuingia kwenye unga, na dawa yake ni nyavu za kuchujia.

Thamani ya mlango ilionekana wazi mwaka 1996 mahali pasipokuwa na mlango. Katika Ziwa Upper Klamath, jimbo la Oregon, kampuni zilikuwa zikivuna mwani wa porini uitwao Aphanizomenon na kuuza vidonge. Mwaka huo mwani mwingine, Microcystis, ulifurika ziwani. Huo hutengeneza sumu ya ini. Mamlaka za Oregon ziliweka kikomo cha mikrogramu 1 ya sumu hiyo kwa kila gramu ya bidhaa, na sampuli 87 zilipopimwa, 85 zilikuwa na sumu, 63 kati yake zikiwa zimevuka kikomo. Ninapoisoma hesabu hiyo huwafikiria wazazi waliokuwa wakiwapa watoto wao vidonge hivyo wakiamini wanawaongezea afya. Hakuna mtu aliyekuwa ameutia Microcystis humo. Ziwa halikuwa na kizuizi.

Chumvi ilikuwa suluhisho la tatu. Tangu 1838 Michel Félix Dunal alikuwa ameandika juu ya wekundu wa mabwawa ya chumvi ya kusini mwa Ufaransa, na mwaka 1905 Mromania Teodoresco akampa kiumbe husika jina la Dunaliella kwa heshima yake. Katika miaka ya 1980 Waaustralia walianza kumlima kwa ajili ya beta-karotini, huko Whyalla na Hutt Lagoon, kwenye mabwawa makubwa mno yanayokorogwa na upepo tu. Michael na Lesley Borowitzka walikuwa miongoni mwa waliofungua njia hiyo. Maji yana chumvi mara kadhaa kuliko ya bahari, na vichache sana huweza kuishi humo.

Vichache, ila vipo. Fabrea salina, kiumbe wa seli moja mwenye vijinywele, huogelea katika chumvi hiyo na kula dunaliela kwa pupa. Njia ya kwanza ya kumzuia ni kuongeza chumvi zaidi, na hapo mkulima hulipa: dunaliela hukua polepole kadiri maji yanavyokolea. Mvua ikinyesha, chumvi hushuka, na Fabrea hurudi pamoja na dunaliela ya aina nyingine isiyo na karotini. Mwaka 2001 Wahispania wawili, Moreno-Garrido na Cañavate, walijaribu kemikali mbalimbali dhidi ya walaji hao. Mojawapo iliyofanya vizuri ilikuwa kwinini, ile ile iliyowatetemesha babu zetu kwa uchungu wake walipotibiwa malaria.

Wamarekani wakati huo wote walikuwa na ndoto tofauti. Kuanzia 1978, katika hofu ya uhaba wa mafuta, serikali yao iligharimia mpango wa kutafuta mwani wenye mafuta mengi ya kugeuzwa dizeli. Watafiti walizunguka mito, madimbwi na fukwe wakakusanya zaidi ya aina 3000, kisha wakachuja wakabakiza 300 hivi. Vigezo vilikuwa kasi ya kukua na wingi wa mafuta, vikipimwa wapi? Ndani ya chupa. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 wakajenga mabwawa mawili ya mita za mraba 1000 kila moja huko Roswell, New Mexico, wakapanda walichokiteua.

Bwawa likateua lake. Aina zilizoshinda maabara zilidhoofika nje, hasa kwa baridi ya usiku wa jangwani, na mwani wa wenyeji ambao hakuna aliyeupanda ukashika nafasi. Mpango ulifungwa 1996. Ripoti ya kuufunga, iliyotoka 1998 na kuandikwa na John Sheehan pamoja na wenzake, ilikiri jambo ambalo naliona ni la ujasiri kwa watu waliotumia miaka 18 kutafuta mbegu bora: huenda njia nzuri kuliko zote ni kuuacha mwani unaovamia, wa mahali hapo, uchukue bwawa. Jorgensen na Convit walikuwa wamefika karibu na hapo miaka 50 kabla, wakiwa na sufuria ya supu.

Mafuta yalipopanda bei tena, ndoto ilirudi. Kampuni ya Sapphire Energy ilianzishwa 2007, na mwaka 2012 ilifungua karibu na Columbus, New Mexico, shamba la ekari 100. Tofauti na spirulina, mwani wa mafuta haukupata maji yasiyokalika. Ulilimwa katika maji ambamo kila kiumbe kinaweza kuishi. Na waliohamia humo walikuwa vimelea.

Onyo lilikuwapo. Mwaka 1977 Abeliovich na Dickbuck walikuwa wameeleza kimelea wa jamii ya kuvu aliyeangamiza mwani wa Scenedesmus katika mabwawa ya maji taka huko Israeli. Mwaka 2008 kundi la Boussiba huko Sede Boqer lilimtenga mwingine, aliyekuja kuitwa Paraphysoderma sedebokerense. Huyu humshambulia Haematococcus, mwani wa bei ghali unaotoa rangi nyekundu wanayopewa samaki wa kufugwa. Haematococcus huota katika maji matamu na hukua taratibu, kwa hiyo wengi humfungia ndani ya mirija ya kioo. Kimelea aliingia hata humo.

Kwenye mabwawa ya majaribio ya New Mexico ilionekana jamaa mwingine, Amoeboaphelidium. Hujibandika kwenye seli ya mwani, hutoboa, huingia, hula kila kilichomo, hugawanyika, na watoto wake hutoka wakitambaa kutafuta seli nyingine. Mlaji kama rotifa huonekana kwenye hadubini akiwa mbele ya chakula chake. Huyu yumo ndani ya mmea, na macho yakimwona bwawa limekwisha.

Robert McBride na wenzake wa Sapphire walichapisha njia yao mwaka 2014. Walichukua sampuli za bwawa mara kwa mara na kutafuta vinasaba vya kimelea kwa PCR, kipimo ambacho ulimwengu mzima ulikuja kukifahamu wakati wa UVIKO-19. Alama za kwanza zikionekana, walitia fluazinam, dawa ya kuvu wanayoijua wakulima wa viazi. Mabwawa yalidumu. Wenye kujali mazingira wataniuliza juu ya kumwaga dawa ya kuvu majini, na nawaunga mkono kuuliza. Aidha, kimelea anayepigwa kwa dawa moja kila msimu huzoea, kama kimelea wa viazi alivyozoea dawa nyingine. Hata hivyo ugunduzi wao mkubwa kwangu ni kipimo kuliko dawa. Kwa kipimo hicho mkulima wa bwawa la wazi alijua kinachokuja kabla hakijafika. Shamba lenyewe halikudumu. Mafuta yaliposhuka bei hesabu zilikataa.

Huko Arizona klorela ilipata adui mwenye jina la kutisha, Vampirovibrio chlorellavorus, bakteria anayejibandika nje ya seli na kuifyonza hadi ibaki ganda. Warusi Gromov na Mamkaeva walikuwa wamemweleza tangu 1972. Eneko Ganuza na wenzake waliripoti mwaka 2016 kwamba kwenye uzalishaji wa kibiashara waliyageuza maji kuwa makali kwa asidi hadi pH 3.5, pakiwa na asetati kidogo, kwa dakika 15. Bakteria hakustahimili. Klorela ilistahimili, ikarudishiwa maji yake na kuendelea kukua. Ni fikra ile ile ya magadi, ila hapa maji yalifanywa yasiyokalika kwa robo saa tu.

Bwawa kongwe kuliko yote haya liko Kenya. Katika Ziwa Nakuru, spirulina imestawi kwenye magadi bila mkulima, ikiwalisha heroe wadogo kwa mamia ya maelfu. Mwaka 1974, wakati Ekkehard Vareschi akilichunguza ziwa hilo, spirulina karibu itoweke na heroe wakapungua ghafla. Sababu zilijadiliwa kwa miaka. Mwaka 2014 Peter Peduzzi na wenzake walitoa matokeo yao kutoka ziwa hilo hilo: wingi wa virusi vinavyoelea ulikuwa mkubwa kuliko wowote uliowahi kurekodiwa katika maji ya asili, na virusi vinavyoambukiza spirulina viliambatana na kuporomoka kwake. Magadi huweza kuwazuia klorela na amiba. Kirusi aliyezaliwa humo humo hayamhusu.

Wakati utafiti huo ukitoka, maji ya Nakuru yalikuwa tayari yamepanda kwa miaka kadhaa. Mvua na mito vilijaza ziwa, lango la hifadhi likafunikwa na migunga ya ukingoni ikafia majini. Magadi yakazimuliwa, spirulina ikapungua, mwani mwingine ukapata nafasi. Heroe wengi walihamia Bogoria, ambako maji yalikuwa bado makali.